Somo Hakuwa Mwanamume

Mtongwe, 2 Oktoba 2025

...na lile la pili uliloniuliza siku ile mlangoni, Somo yangu, jibu lake pia ni ndiyo, ila sitaliandika, kwa sababu anayeibeba barua hii ni mwenyewe. Yuko hapa kibarazani anafunga viatu. Ameinama, na pale nyuma ya shingo aliponyolewa jana panang'aa, nami nimesahau nilichokuwa nakwenda kufanya jikoni. Je, mtu anaweza kupenda shingo? Hilo hukunifunda. Ulinifunda kupika, kufukiza nguo zake udi, kunyamaza na kutonyamaza, lakini hukuniambia kwamba nitasimama mlangoni kumwangalia mume akienda kutengeneza mafriji ya watu Kisauni, na roho ikanisokota kana kwamba anakwenda Hijja.

Shikamoo, nilisahau. Nafurahi kwamba kila siku anapita kwako. Tangu masikio yako yawe mazito, simu haina kazi baina yetu, na mimi kuandika nakupenda. Tangu nimalize sekondari sijaandika kitu kirefu, isipokuwa jina langu na lake pembezoni mwa magazeti.

Sasa nikwambie kilichonichafua moyo. Jana bavyaa wangu, baba wa mume wangu, Mzee Sheikhan, alirudi na kitabu. Kinaitwa Waliotangulia, kimetolewa na jumuiya moja ya kumbukumbu yenye ofisi Changamwe, nacho kinaeleza wanawake wa pwani waliofungua njia: wakunga, walimu, mwanamke aliyepanda kreni wanaume wakimcheka. Kuna sura nzima ya lile jarida lenu la zamani, Kisutu. Niliirukia sura hiyo nikitafuta hata kivuli chako. Nimenakili neno kwa neno:

"Ukurasa uliopendwa kuliko zote ulikuwa Somo Linajibu. Uliandikwa na mmiliki wa jarida, Bw. Sheikhan, ambaye kwa ubunifu mkubwa alijifanya mwanamke na kuwajibu wake za watu mambo yao ya chumbani."

Nilitoka nyuma ya jiko nikatema mate. Wallahi nilitema, kama mtu aliyeuma nzi ndani ya tende. Kitabu cha wanawake, na aliyesifiwa kuwashinda wote ni mwanamume aliyevishwa buibui la uongo.

Wewe uliniambia mwenyewe katika fungate yangu, kwa kuwa nilikuwa naingia nyumba ya aliyekuwa mwajiri wako, kwamba Somo wa Kisutu ni wewe. Kwamba kila barua uliifungua wewe na kila jibu ulilitoa wewe. Ukaniapisha nisimwambie mtu, mume wangu pia, maana la somo na mwari wake halitoki chumbani. Kiapo nimekishika. Lakini Siku ya Mashujaa, tarehe ishirini, watampa bavyaa ngao mbele ya watu ukumbini Likoni, na mimi nitakaa nipige makofi?

Niambie niseme.

Mwari wako akupendaye,
Swabra


Kisauni, 5 Oktoba 2025

Swabra mwanangu,

Marahaba. Mumeo alikunywa chai hapa akala mkate wa sinia, na barua ya kumsema babake imo ndani ya mfuko wa shati lake. Nilimwangalia nikamwonea huruma. Shingo nayo niliitazama. Ni shingo.

Usiseme kitu. Hina bado iko kuchani mwako, na mke aliyeanza ndoa kwa kumvua nguo bavyaa wake hadharani hukaa nyumba hiyo kama mgeni mpaka azeeke.

Mimi nilijificha kwa hiari yangu. Kaka yangu, Mola amrehemu, alikuwa mwalimu wa madrasa, na watu wangewatoa watoto wao kama wangejua dadake anaandika nini. Lakini hiyo ilikuwa sababu ndogo. Mwanamke akikuandikia kwamba mumewe hajamgusa tangu Ramadhani, hataki akukute sokoni Kongowea unachagua nyanya. Jina langu lingewafunga midomo. Kwa hiyo Somo hakuwa na uso, na kila mmoja akampa uso alioutaka.

Kwa hiyo mimi sikutajwa, na sitaki kutajwa. Kilichonichefua ni neno. "Somo Linajibu." Nani ameandika upuuzi huo? Kichwa cha ukurasa ule kilikuwa "Somo Anajibu," tangu toleo la kwanza hadi la mwisho. Aliyekuwa akikipanga ni Rosalia Mwikali, aliyeendesha mashine ya chapa Changamwe wakati wanaume wa pale walisema grisi haimfai mwanamke. Mkamba wa watu, alikuja pwani hajui hata kukuna nazi, na alijua kwamba somo ni mtu. Siku moja Sheikhan alitaka ukurasa wetu uondolewe kwa sababu ya barua ya mke wa mkubwa fulani. Rosalia alikaa juu ya mashine, akasema toleo walichape bila yeye. Hawakuweza.

Ametangulia mbele ya haki, na angecheka. Mimi sicheki. Yumo kitabuni?

Somo yako,
Mwanatabu


Mtongwe, 9 Oktoba 2025

Somo yangu kipenzi,

Rosalia yumo. Yumo pichani, amesimama kando ya mashine, mikono imejaa wino, na chini pameandikwa "Bw. Sheikhan na msaidizi wake." Nimeufunika ukurasa ule na kava la daftari ili nisiuone.

Lakini nina habari njema, na nimefurahi hivi kwamba nilimkumbatia mume wangu Mahfudh mbele ya mavyaa, mamake, nikaona haya siku nzima. Bavyaa hana kosa. Sikiliza.

Juzi alikuja aliyekiandika kitabu. Anaitwa Mercyline, kwao ni bara, upande wa Kakamega, msichana mpole mwenye adabu, kila kitu anaandika. Mavyaa alimpikia samaki wa kupaka, nami nikampa juisi ya ukwaju. Alipokuwa anakunywa nikamuuliza, kama mtu asiye na lake, hilo "Linajibu" limetoka wapi. Akatabasamu. Akasema matoleo yote ya Kisutu yalikuwa na kosa moja la chapa lililojirudia, "Somo Anajibu," na yeye kwa heshima ya jarida amelisahihisha, maana somo li-, masomo ya-, hivyo ndivyo sarufi inavyotaka. Alisema hivyo huku akiwa amejiinua kidogo, kama mtu aliyetusitiria aibu.

Hajui, Somo. Kwao neno hilo linakaa darasani. Hajawahi kusikia kwamba somo ni mwanamke anayemfunda mwari. Anasema alipokuwa akikusanya habari za kitabu alimuuliza bavyaa, "Mzee, lile somo la kila toleo lilikuwa la nani?" Bavyaa akajibu, "Langu." Na mavyaa akanieleza kwamba kweli, ukurasa wa nyuma ulikuwa na somo la kusoma na kuandika kwa watu wazima, na bavyaa ndiye aliyekuwa akilitunga. A, e, i, o, u, kikombe, kisu, kuku. Basi mtoto wa watu akaziunganisha kurasa mbili hizo. Somo ni lake mzee, na Somo anasema kama mwanamke, kwa hiyo mzee alijifanya mwanamke.

Nilianza kumweleza maana ya somo, kwa kuwa neno si siri. Bavyaa akaingia wakati huohuo akasema, "Swabra, mletee mgeni maji." Niliporudi wakawa wanazungumza habari za viti vya ukumbini, nikaona si adabu kuingilia. Lakini moyo wangu umetulia. Nilikuwa nimemchukia baba wa mume wangu bure, na Mahfudh ana macho ya babake. Ningeishije nikiyaona kinyaa?

Nitamweleza Mercyline siku nyingine. Yote ni neno tu.

Mwari wako mwenye furaha,
Swabra


Kisauni, 12 Oktoba 2025

Swabra mwanangu,

Mgeni alikuwa na juisi mkononi. Umeandika mwenyewe. Aliyeitisha maji alikuwa na kiu gani?

Msichana wa bara simlaumu. Ametoka mbali akafanya kazi tuliyoshindwa sisi wenye jarida, na kosa lake ni kutojua. Swali langu ni jingine: Sheikhan amekisoma kitabu? Kwa sababu siku ile alipoulizwa, labda kweli alifikiria kikombe na kuku. Lakini kitabu kimefika mkononi mwake kimeandikwa "mambo ya chumbani." Kuku hana chumba.

Utasikia kwake kwamba Kisutu iliuawa na simu. Atakwambia pale Likoni alipokuwa akisimama muuza magazeti sasa panauzwa kava za simu, na ni kweli, panauzwa. Lakini simu zilikuta maiti. Nilikuwepo ofisini siku Sheikhan alipoingia na watu wa krimu za kujichubua. Walitaka ukurasa mzima kila toleo, na walitaka ule unaosomwa zaidi. Akawapa ukurasa wangu. Aliniambia nitaandika kwenye pembe, maneno machache, na yasiwe ya kuwakera wenye krimu. Toleo lililofuata lilikuwa na uso wa mwanamke umekwanguliwa nusu mweupe nusu mweusi, mahali ambapo wanawake walizoea kuniuliza kwa nini waume zao hawawaiti wazuri. Nilichukua kalamu yangu nikaenda nyumbani. Barua ziliendelea kuja kidogo, kisha zikakoma, na wasomaji wakakoma nazo. Jarida likabaki linachapwa kama mtu anayeongea peke yake. Baadaye nilikuwa nikifungiwa mihogo ndani yake.

Hilo linanichefua mpaka leo, na ndiyo sababu sisemi mengi.

Muulize kama amekisoma. Muulize kwa adabu, kisha unyamaze umsikilize. Na kuhusu macho: macho ya mtu ni yake mwenyewe.

Mwanatabu


Mtongwe, 16 Oktoba 2025

Somo yangu,

Amekisoma. Anakisoma kila siku. Kitabu kiko sebuleni juu ya kitambaa cha mavyaa, na akija mgeni bavyaa anakifungua palepale, sasa kinajifungua chenyewe. Jumanne walikuja wazee wenzake, nami nikiwa nyuma ya pazia na sinia ya kahawa, nikamsikia akiwasimulia barua. Hakutaja majina. Lakini alibana pua akaigiza sauti ya mwanamke anayelalamika, "Somo, nifanyeje, ameniacha na baridi," nao wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Sijui kama barua hiyo ilikuwepo au ameitunga. Niliweka sinia chini kwa nguvu, kahawa ikamwagika, nikasema samahani. Sikuwa na samahani yoyote.

Wakati wa chakula cha mchana nikamuuliza kwa adabu kama ulivyosema: Baba, mbona mimi najua somo huwa ni mwanamke? Mavyaa akaacha kutafuna. Bavyaa akachambua mwiba wake taratibu, akasema mambo ya ofisi ya zamani yana undani, na vijana wa siku hizi wanataka kila kitu kiwe cheupe. Basi. Mahfudh alinifuata jikoni akaniambia nimemkosea heshima babake. Ni mara yangu ya kwanza kumwona amekasirika. Hata kukasirika anakasirika vizuri, anashusha sauti badala ya kuipandisha, lakini niliumia, Somo, kwa sababu ningeweza kumnyamazisha kwa neno moja na neno lenyewe nimeliapia.

Na hayo si kitu. Yupo mwanamke hapa Mtongwe, Kahaso, anakaanga samaki karibu na gati la zamani. Mjane, mtu wa watu, hutania kila apitaye. Tangu hadithi ya bavyaa itoke na wale wazee, Kahaso hajatandaza meza. Nilidhani anaumwa, nikampelekea uji. Nilimkuta amekaa chini, dirisha amelifunga. Akaniambia:

"Mimi nilimwandikia mwanamke mwenzangu. Jambo nisilomwambia hata mamangu. Na Sheikhan hununua samaki kwangu kila Ijumaa, ananiambia Kahaso nichagulie mnono. Kumbe ananitazama anajua."

Kisha akainuka kwenda kutapika. Nilimshika mabega.

Ningemwambia palepale. Ulimi ulikuwa umefika kwenye meno. Nifungue, Somo. Siku ya Mashujaa ni Jumatatu. Kuna akina Kahaso wangapi, Kisauni, Changamwe, Ziwa la Ng'ombe, waliofunga madirisha?

Swabra


Mtongwe, 17 Oktoba 2025

Kwa Bi Mwanatabu,

Baada ya salamu. Mkaza mwanangu ameniuliza swali mezani ambalo siamini lilizaliwa kichwani mwake. Kwa kuwa mwanangu hupita kwako na bahasha, nimeona nami nimtume na yangu.

Nakukumbusha kwamba ni wewe uliyetaka jina lako lisijulikane. Kitabu kingebaki na tundu pale penye Somo, watu wangeanza kuuliza, na mwisho wangekufikia. Mimi nimesimama mahali pako kama mwamvuli. Nimekusitiri, nami sikutarajia lawama kwa sitara.

Kalamu ilikuwa yako, silikatai hilo. Lakini karatasi ilikuwa yangu, na wino, na pango la ofisi. Wanaosema Kisutu wanasema Sheikhan. Bi Mwanatabu, simu imelimaliza jarida letu. Tangu tufunge milango, hawa vijana wa Changamwe ndio watu wa kwanza kunibishia hodi wakaniuliza nilikuwa nani. Niache nipewe hiyo ngao. Haikupunguzii kitu.

Ni mimi,
Sheikhan


Kisauni, 18 Oktoba 2025

Kwa Bw. Sheikhan,

Mwamvuli hupewa mtu aliye mvuani. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, nimekauka.

Karatasi ilikuwa yako, kweli, na uliwauzia wenye krimu. Kama ungetaka kunisitiri ungemwambia msichana yule, "Somo alikuwa mwanamke, na jina lake silitoi." Maneno machache. Badala yake umejivika siri za wanawake wasiokuandikia wewe, na kila mmoja wao leo anajiuliza ulimwona wapi. Kuna aliyetapika. Hutaambiwa ni nani.

Kama ulitaka kuulizwa ulikuwa nani, ulikuwa mtu aliyewafundisha wazee kusoma "kikombe." Ilikuwa kazi nzuri. Ungeitaja hiyo.

Sikuombi unitaje. Jumatatu simama useme kwamba Somo hakuwa wewe.

Mwanatabu


Kisauni, 18 Oktoba 2025

Swabra,

Mumeo anabeba bahasha mbili leo. Iliyo ya babake mpe babake.

Nimempa Sheikhan mpaka Jumatatu. Akisema kweli, wewe nyamaza. Asiposema, nimekufungua kiapo, chote, pamoja na jina langu. Nilificha jina ili wanawake waseme. Ikiwa jina hilohilo lililofichwa ndilo linalowafungia madirisha, sina haja nalo tena.

Lakini kwanza mwambie Mahfudh, kabla hamjatoka nyumbani. Mtoto asisikie ya babake ukumbini katikati ya watu, hilo ni jambo chafu kama huo uongo wenyewe.

Mwanatabu


Mtongwe, 21 Oktoba 2025

Somo yangu, Somo yangu,

Nilimwambia Jumapili, baada ya kutoka kuogelea Shelly Beach, tumekaa mchangani nywele zina chumvi. Nilichagua pale kwa sababu ndipo aliponiposa kwa mdomo wake kabla hajatuma wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na barua zote hizo nimezibeba mimi?" Nikasema ndiyo. Akatazama maji, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema laiti ningezifungua. Halafu akasema, hapana, nisingefungua. Nilimpenda hapo kuliko siku ya harusi.

Alizungumza na babake peke yao. Mlango ulifungwa. Alipotoka akaniambia tu, "Atasema."

Basi ukumbini. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wengi wazee, na walikaa nyuma, nyuso wamezifunika zaidi ya kawaida. Mercyline aliongoza shughuli vizuri, alisema mambo matamu juu ya wanawake waliotangulia, kisha akamwita bavyaa. Bavyaa akashika kipaza sauti. Nilimshika Mahfudh mkono.

Somo, hakusema uongo na hakusema kweli. Alisema Somo walikuwa wengi. Alisema Somo lilikuwa roho ya Kisutu, sauti ya ofisi nzima, na yeye alikuwa mlinzi wa sauti hiyo. Watu wa viti vya mbele wakapiga makofi. Nyuma mwanamke mmoja akasonya, sonyo refu, ukumbi mzima ukalisikia. Bavyaa akanyoosha mikono kupokea ngao.

Mkono wa Mahfudh ukaniachia. Nilidhani amekasirika, kumbe ananipisha.

Nikasimama nikasema Mzee anisamehe, lakini somo hawi wengi, na somo hawi roho. Mercyline akanitazama kwa mshangao wa kweli, kipaza sauti alichorudishiwa kiko mdomoni mwake, akauliza, "Kwani somo ni mtu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka wale wa nyuma, walicheka mpaka mitandio ikateremka, na mtoto wa watu akasimama pale uso umemwiva. Nilimwonea huruma. Nikasema:

"Ni mtu. Ni mwanamke anayemfunda mwari. Huyu wa Kisutu anaitwa Bi Mwanatabu, yu hai, anakaa Kisauni, na barua zenu hakuna mwanamume aliyezisoma."

Hawakupiga makofi. Mmoja akaanza kulia taratibu, na mwenzake akamshika, na nikaona migongo yao inalegea kama watu walioteremshwa mizigo. Kati yao yupo mama wa Changamwe aliyenijia akanishika mashavu.

Bavyaa aliondoka na ngao yake. Aliishika chini kama mtu aliyebeba sinia tupu. Leo hajala nilichopika. Mahfudh amekula sahani yake na ya babake, ili mavyaa asione chakula kimerudi. Mavyaa ameona, na kwangu ameongeza kipande cha samaki.

Mercyline alikuja nyumbani asubuhi macho yamevimba. Anakuomba radhi. Atamwandika Rosalia jina lake na kazi yake, na Somo atarudishiwa "Anajibu." Lakini itakuwa kwenye tovuti tu. Kitabu hakichapwi tena, hakuna anayechapa. Vile vilivyokwisha kutoka vitabaki na Bw. Sheikhan ndani. Nilitaka kupiga kelele.

Na Kahaso. Nilimkimbilia na habari nikiwa bado na nguo za ukumbini. Nilimweleza yote nikimshika mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimependeza, kisha akasema, "Jana karatasi ilisema ni mwanamume, nikaamini. Leo wewe wasema ni mwanamke, na wewe ni mkaza mwanawe. Niamini nini, mwanangu?" Dirisha bado amelifunga. Meza yake iko gatini imepinduliwa, kuku wanalala juu yake.

Sijui nimwambie nini zaidi. Maneno yote nimeyatumia.

Swabra


Kisauni, 24 Oktoba 2025

Swabra mwanangu,

Umesema vizuri. Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa sababu ya yule aliyesonya. Ningependa kumjua.

Kahaso ana haki. Mwambie hivyo. Miaka yote niliwajibu wanawake bila uso, nikadhani kutokuwa na uso ndiyo amana yenyewe, na amana ile Sheikhan aliikuta haina mwenyewe, akaivaa. Sasa huyu mmoja anataka kuniona, na haombi kikubwa. Uso ninao, ingawa umekunjamana, na jino la mbele limekwenda.

Msichana wa bara mwambie sina kinyongo naye. Aje kwangu siku yake, nimweleze somo ni nani, na alete daftari. Tovuti yake mimi sitaiona, lakini akiandika jina la Rosalia alisome kwa sauti karibu na sikio langu la kulia, ndilo linalosikia kidogo. Bavyaa wako mpikie kama kawaida. Akila, amekula; asipokula, ni tumbo lake. Siji kwake, na usiniandalie sebule yenu.

Nakuja kwa Kahaso. Barua yake naikumbuka. Si kwamba nazikumbuka zote, ila ile sikuijibu ndani ya jarida. Ilikuwa nzito mno kuchapwa, hata bila jina. Nilimjibu peke yake, kwa mkono wangu, na mtu wa tatu hakuiona. Nitakapokaa mbele yake nitamwambia nilivyoanza jibu lile, maneno ya mwanzo tu, na atajua kama ni mimi au si mimi. Wewe utakuwa umetoka nje, na mumeo pia, na mlango mtaufunga.

Mahfudh ameahidi kunivusha kivukoni mwenyewe. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Mtongwe.

Somo yako,
Mwanatabu